Mtoto Afuate Taka Hadi Mwisho Wake: Mwongozo wa Kufundisha Urejelezaji na Utunzaji wa Mazingira Nyumbani na Shuleni katika Nyanda za Juu Kusini

Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukariri kwamba mazingira ni vitu vyote vinavyotuzunguka, akaandika hivyo kwenye mtihani na kupata vema, kisha akatoka nje ya darasa na kutupa mfuko wa karanga mtaroni bila kuona kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Tumempa maneno kabla ya kumwonyesha jambo lenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na walimu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na wilaya zao, na msingi wake ni mmoja: mtoto huelewa utunzaji wa mazingira pale anapoifuata taka kwa macho na mikono yake mpaka mahali inapoishia. Hatua zilizoelezwa hapa zimepangwa kwa kufuata msingi huo, na zinaweza kufanywa na kaya moja, na darasa zima au na klabu ya mazingira ya shule.

Hatua ya kwanza: mtu mzima atafute mwisho wa kila taka

Wengi huanza kwa kununua ndoo tatu za rangi tofauti na kuzibandika majina. Nashauri ndoo zingoje. Hakuna kinachomvunja mtoto moyo kama kutenganisha taka mwezi mzima, halafu siku gari la taka linapopita akamwona mtu mzima akizimwaga zote pamoja. Siku hiyo hujifunza kwamba kutenganisha taka ni mchezo wa watoto, na kumrudisha kwenye somo ni vigumu sana. Kwa sababu hiyo, kabla hujamwita mtoto, tembelea mwenyewe wanunuzi wa vyuma chakavu na chupa za plastiki walio karibu nawe. Katika miji kama Mbeya, Iringa, Makambako na Mafinga huwapata kwa urahisi kwenye maeneo ya gereji, karakana na masoko makubwa. Vijijini, muulize kijana anayepita na baiskeli au mkokoteni akinunua skrepa, kwa kuwa yeye anajua mzigo wake anaupeleka kwa nani.

Waulize maswali mahususi. Wanapokea aina gani ya plastiki, na aina gani wanaikataa? Chupa ziwe zimeoshwa na kuondolewa lebo? Vifuniko vitenganishwe? Wanapima kuanzia kilo ngapi, na wako tayari kuufuata mzigo au utaupeleka mwenyewe? Andika majibu kwenye daftari, kwa sababu ndiyo yatakayoamua utenganishe nini. Kitu kisicho na mnunuzi wala matumizi katika eneo lako usimwambie mtoto kwamba kinarejelezwa, yaani kinageuzwa kuwa kitu kingine cha kutumika. Mwambie kinakwenda dampo, na kwamba dawa yake ni kupunguza kukinunua.

Ufahamu pia kwa nini bei ya chupa katika mikoa yetu hulalamikiwa kuwa ndogo. Viwanda vingi vinavyochakata plastiki viko Dar es Salaam, na kutoka Mbeya hadi huko ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, huku kutoka Iringa mjini ikiwa ni takriban kilomita 500. Chupa ambayo haijakandamizwa imejaa hewa, hivyo lori huweza kujaa kabla halijabeba uzito wa maana. Jambo hili lina somo zuri la hesabu ambalo tutalirudia hapa chini.

Hatua ya pili: mpeleke mtoto aone

Ziara ya kwanza iwe fupi na ya karibu. Chagua mtaro mmoja unaopita jirani na nyumbani au shuleni, mtembee mkiufuata kuelekea bondeni, na kila mnapokuta taka zimekwama mwulize mtoto anadhani zimetoka wapi na mvua ya Novemba ikianza zitakwenda wapi. Usimpe jibu haraka. Wakazi wa Mbeya mjini wanavyo vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Loleza na kupita katikati ya makazi, na watoto huona kwa macho yao tofauti ya maji ya juu karibu na chanzo na maji yaleyale baada ya kupita mitaa michache. Walioko Iringa wanaweza kusimama kando ya Mto Ruaha Mdogo na kuonyeshwa kwenye ramani jinsi maji hayo yanavyoungana na Ruaha Mkuu na kufika bwawa la Mtera, kisha Kidatu, mahali yanapozungusha mitambo ya umeme. Walioko Rungwe wana Mto Kiwira, ambao maji yake hupita chini ya Daraja la Mungu na kuishia Ziwa Nyasa upande wa Kyela. Mtoto wa Tukuyu akielewa kwamba chupa aliyoitupa mtaroni inaweza kumfikia mvuvi wa Kyela, umeshampa sababu ambayo bango la ukutani haliwezi kumpa.

Ziara ya pili iwe kwenye ghuba la taka la mtaa, na kwa watoto wa miaka 10 na kuendelea, kwenye dampo, kwa ruhusa ya uongozi wa mtaa au halmashauri. Wavae viatu vya kufunika, wasiguse chochote, na wasikae muda mrefu. Hapo watakutana na watu wanaookota chupa na makopo ili kuviuza. Waelekeze watoto wawaamkie kama wanavyowaamkia wakubwa wengine, na kama wahusika wako radhi, wawaulize kuhusu kazi yao. Hao ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi ya urejelezaji katika miji yetu, na mtoto anayefundishwa kumwita mtu wa namna hiyo chizi hawezi kufundishwa urejelezaji kwa dhati.

Hatua ya tatu: pimeni taka za nyumbani kwenu

Chagueni siku moja ya kawaida, isiyo ya sherehe, na mhifadhi taka zote za siku hiyo bila kutupa. Jioni tandikeni turubai uani, mtu mzima avae glavu na aondoe kwanza vitu vya hatari kama vioo, nyembe, sindano na pampasi, kisha watoto watenge kilichobaki katika marundo. Pimeni kila rundo kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, ambayo wauza nyama na wanunuzi wa skrepa wengi wanayo na huweza kukuazima.

Katika kaya nyingi za kwetu mtaona kwamba zaidi ya nusu ya uzito ni vitu vinavyooza: maganda ya viazi na ndizi, mabua ya mboga, makapi ya chai, mabaki ya ugali. Rundo la pili kwa uzito mara nyingi huwa ni jivu na vumbi la kufagia uwanja. Plastiki, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi mitaani, huwa na uzito mdogo lakini hujaza nafasi kubwa. Waache watoto wayagundue haya wenyewe na wayaandike, kwa sababu matokeo hayo ndiyo yatakayowaonyesha pa kuanzia: anayetaka kupunguza taka nyumbani anaanza na mboji, yaani mbolea ya vitu vilivyooza, hata kama macho yake yanamvuta kwenye chupa.

Hatua ya nne: gaweni taka katika makundi machache

Makundi manne yanatosha: vinavyooza, vinavyouzika au kutumika tena, vya hatari, na vinavyobaki. Makundi yakizidi hapo mtoto huchanganyikiwa na mkubwa huchoka. Hakuna haja ya ndoo mpya, kwa kuwa kiroba kilichotumika kubebea mahindi, kikitundikwa kwenye misumari miwili, kinafaa kabisa. Kwa watoto ambao bado hawajui kusoma, shoneni au bandikeni juu ya kila kiroba mfano wa kitu chenyewe, yaani kifuniko cha chupa kwenye kiroba cha plastiki na gunzi la mahindi kwenye kiroba cha vinavyooza.

Watoto wakubwa kidogo wafundisheni kwamba plastiki si kitu kimoja. Kateni kipande kidogo cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko chake, mvitumbukize kwenye beseni la maji na kuvisukuma chini kwa kidole ili hewa itoke. Kipande cha chupa kitazama, na kipande cha kifuniko kitaelea. Chupa za maji na soda hutengenezwa kwa plastiki iliyo nzito kuliko maji, na chini yake huwa na alama ya pembetatu yenye namba 1. Vifuniko, pamoja na madumu na ndoo nyingi, hutengenezwa kwa plastiki nyepesi kuliko maji, zenye namba 2 au 5. Viwanda hutumia tofauti hiyohiyo kuzitenganisha baada ya kuzisaga, kwa kuwa zikiyeyushwa pamoja hutoa bidhaa dhaifu. Jaribio hili huchukua dakika chache, halina gharama, na baada yake watoto huanza kugeuza kila chupa ili watafute namba chini yake.

Hatua ya tano: mboji

Hapa ndipo ningependa mtumie muda mwingi zaidi, kwa sababu mboji ndiyo urejelezaji pekee ambao mtoto anaweza kuuona mwanzo hadi mwisho bila kusubiri kiwanda wala mnunuzi. Chakula kimetoka shambani, kinarudi shambani, na baada ya miezi michache mtoto anavuna mchicha au figiri kutoka kwenye udongo alioutengeneza mwenyewe.

Mahali pa kuiweka hutegemea hali ya hewa, na nyanda zetu hazifanani. Rungwe na Busokelo, ambako mvua ni nyingi sana, shimo hujaa maji na mboji kunuka, kwa hiyo jengeni lundo juu ya ardhi na kulifunika kwa majani ya migomba. Kwenye maeneo makavu ya Ismani na Pawaga, au upande wa Usangu, chimbeni shimo lenye kina cha nusu mita hivi ili unyevu usipotee. Mbeya mjini, Njombe na Makete baridi ya Juni na Julai hupunguza kasi ya kuoza, hivyo lundo liwekwe upande unaopata jua la asubuhi na lizungushiwe nyasi kavu nyingi. Lundo dogo halihifadhi joto. Lenye upana, urefu na kimo cha karibu mita moja hufanya kazi vizuri zaidi, na kama taka za kaya moja hazitoshi, kaya tatu zinaweza kuungana.

Anzeni na tabaka la vitu vigumu, kama magunzi na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, ili hewa ipite chini. Juu yake wekeni tabaka la vitu vikavu, kama majani makavu, nyasi au maranda, halafu tabaka jembamba la vitu vibichi, kama maganda, mboga zilizoharibika na majani mabichi, mkirudia hivyo mpaka juu. Kipimo kizuri kwa watoto ni ndoo tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Ongezeni kinyesi cha kuku au cha ng'ombe kidogo na udongo wa juu wa shamba, ambao una vijidudu vya kuanzisha kazi, na mnyunyizie maji kila tabaka. Jivu liwe la kunyunyiza tu. Likizidi huharibu mboji.

Watu wa Mafinga na Makambako wana maranda mengi kutoka viwanda vya mbao, na ni jambo jema kuyatumia, ila kwa tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba maranda ya misindano huoza polepole, kwa hiyo yachanganywe na kinyesi cha kuku. Ya pili ni kwamba maranda ya nguzo na mbao zilizotiwa dawa hayapaswi kuingia kwenye mboji hata kidogo, kwa kuwa dawa hizo ni sumu. Kokwa za parachichi, ambazo siku hizi zimejaa Rungwe na Njombe, zikatwe vipande na mtu mzima kabla ya kuwekwa, vinginevyo mtazikuta zimeota miche katikati ya lundo. Nyama, mifupa, mafuta ya kupikia na kinyesi cha mbwa, paka au binadamu visiwekwe kamwe.

Kazi ya mtoto ni kulichunguza lundo. Chomekeni kijiti kirefu katikati, na kila baada ya siku chache mtoto akichomoe na kukigusa. Kikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, maji yaongezwe. Kikiwa na harufu mbaya, maji au vitu vibichi vimezidi, hivyo ligeuzwe na kuongezewa vikavu. Lundo lililopangwa vizuri huweza kupata joto la nyuzi 55 au zaidi katika siku za mwanzo, na watoto wengi hushangaa kukuta kijiti kinatoka na joto asubuhi ya baridi kali. Waelezeni kwamba joto hilo hutoka kwa viumbe wadogo wasioonekana, wanaokula na kupumua kama sisi. Geuzeni lundo kila baada ya wiki mbili au tatu. Katika miezi ya joto mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi. Iliyoanza wakati wa baridi huchukua muda mrefu zaidi. Ikiwa nyeusi, inavunjika mkononi na kunukia udongo wa msituni, imeiva.

Sambamba na lundo, fanyeni jaribio la kuzika. Zikeni kila kimoja peke yake, kwa kina cha kiganja, ganda la ndizi, ukurasa wa daftari, kipande cha kitambaa cha pamba, mfuko wa plastiki na kifuniko cha chupa, mweke alama ya kijiti na jina, kisha mfukue mwisho wa muhula. Watoto wachore walichokikuta. Plastiki watakayoikuta kama walivyoizika itawafundisha maana ya neno kuoza kuliko maelezo ya nusu saa.

Hatua ya sita: vinavyouzika na vinavyotumika tena

Chupa za plastiki zisuuzwe kwa maji yaliyokwisha kutumika kuoshea vyombo, zikaushwe, zikandamizwe kwa mguu na kifuniko kirudishwe ili zisijae hewa tena, isipokuwa kama mnunuzi amewaambia vifuniko vitengwe. Hapa ndipo somo la hesabu linapokuja: watoto wapime chupa 10 za aina moja, wakadirie zinahitajika chupa ngapi kufikisha kilo, halafu wahesabu kiroba kimoja kinabeba chupa ngapi kabla na baada ya kukandamizwa. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo anaelewa kazi ya muokotaji na gharama ya lori kwa pamoja.

Makopo ya bati na alumini ni rahisi kuuzika kuliko chupa. Watoto wayatenge kwa sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu: bati la chuma hushikwa na sumaku, alumini haishikwi. Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuipata upya kutoka kwenye mawe yake, na ndiyo maana wanunuzi huithamini. Makopo yaliyoachwa uani hushika maji ya mvua na kuwa mazalia ya mbu, hivyo yageuzwe mdomo chini yanaposubiri mnunuzi.

Chupa za kioo za soda zina utaratibu ambao kila mtoto aliyetumwa dukani anaujua: ukienda bila chupa tupu unaacha fedha ya chupa. Tumieni mfano huu kumweleza mtoto kwamba kutumia tena ni bora kuliko kuyeyusha upya, kwa kuwa chupa inaoshwa na kujazwa mara nyingi bila kuvunjwa. Chupa zisizorudishwa, zikioshwa na kuchemshwa, zinafaa kwa asali na mafuta ya alizeti. Vioo vilivyovunjika vifungwe kwenye magazeti na kuwekwa ndani ya kopo gumu na mtu mzima.

Karatasi inastahili mchana mzima. Chaneni vipande vidogovidogo kurasa za daftari zilizojaa maandishi, mviloweke usiku kucha, kisha watoto wavitwange kwenye kinu mpaka viwe uji laini. Tengenezeni fremu ya mbao na kuitandazia wavu wa dirishani. Mwageni uji kwenye beseni pana la maji, zamisheni fremu na kuinyanyua taratibu ikiwa sawasawa, acheni maji yachuruzike, pindueni juu ya kitambaa, kandamizeni kwa sponji na kuanika kivulini. Karatasi itakayopatikana ni nene na yenye rangi ya kijivu, nzuri kwa kadi na majalada. Iringa mjini kuna karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza kazi za mikono, na miongoni mwa bidhaa zake imekuwamo karatasi inayotokana na kinyesi cha tembo. Kwa shule iliyo karibu, huo ni mfano hai wa kuigwa.

Kuhusu vitu vya kuchezea, mwacheni mtoto aongoze. Magari ya maboksi yenye magurudumu ya kandambili na mipira ya matambara ni ufundi ambao watoto wetu wanaumiliki tangu zamani, nao hauhitaji mafunzo kutoka kwa mkubwa, isipokuwa kumkatia sehemu zenye ncha kali.

Hatua ya saba: vya hatari, na moto

Hapa mtoto hufundishwa kutambua na kuita mkubwa, basi. Betri zisipasuliwe wala kuchomwa, taa za mirija zisivunjwe kwa kuwa nyingi zina zebaki, na makopo ya dawa ya kupulizia mbu yasiwekwe motoni kwa sababu hulipuka. Ila hatari ambayo katika mikoa yetu naiona kubwa kuliko zote ni vyombo vya viuatilifu. Wakulima wa viazi mviringo, nyanya na mahindi hupiga dawa mara nyingi katika msimu, na vibuyu na chupa tupu huachwa kando ya shamba au mtoni, ambako watoto huziokota na kuzitumia kubebea maji, maziwa au togwa. Mwonyesheni mtoto alama ya fuvu la kichwa na lebo za rangi, mkazie kwamba chupa ya namna hiyo haiguswi hata ikionekana safi. Mkulima mwenyewe asuuze chombo mara tatu, maji hayo ayamimine kwenye bomba la kupigia dawa, kisha akitoboe ili kisitumike tena, na kukihifadhi mbali na watoto mpaka apate maelekezo ya bwana shamba.

Kuchoma taka uani ni desturi iliyozoeleka, na mtoto hawezi kuikataza. Mkubwa aiache mwenyewe. Moshi wa plastiki, hasa wa mabomba na nyaya, una sumu inayodhuru mapafu, na katika baridi ya asubuhi moshi huo hukaa chini, usawa wa pua za watoto. Kaya ikishatenga vinavyooza na vinavyouzika, kinachobaki cha kuchoma huwa kidogo sana, na hicho kipelekwe kwenye ghuba. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, nyasi zikiwa kavu na upepo ukiwa mkali, mfundisheni mtoto pia kwamba cheche ya moto wa takataka au wa kuandaa shamba inaweza kuteketeza mashamba ya miti ya ukoo mzima.

Hatua ya nane: kununua kwa busara

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, ingawa vifungashio vya baadhi ya bidhaa, kama za kilimo na za viwandani, vimeruhusiwa. Watoto wengi wa shule ya msingi hawajui wakati ambapo rambo zilining'inia kwenye kila ua. Waelezeni, kisha muwape jukumu la kubeba kikapu kila mnapokwenda sokoni. Iringa ina urithi wa vikapu vya milulu vinavyodumu miaka mingi, na mtoto akipewa kikapu chake mwenyewe, mara nyingi ndiye atakayewakumbusha wakubwa wasikisahau. Shuleni, kikombe kinachobebwa kutoka nyumbani huondoa chupa nyingi kuliko kiroba chochote cha kuzikusanya.

Hatua ya tisa: maji na miti

Somo la taka likikolea, lipanueni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Pelekeni watoto kwenye kijito na kamba iliyopimwa, wapime mita hizo na kuandika walichokikuta ndani yake. Pandeni miti mvua zikishakolea, Desemba hadi Februari, na kando ya chanzo cha maji mchague miti ya asili kama mivengi na mikuyu, mkiacha mikaratusi mbali kwa sababu hunywa maji mengi. Kila mche uwe na mtoto wake, na mboji yenu iwekwe kwenye shimo lake.

Mambo yanayoharibu kazi hii

Naomba walimu wanivumilie kwa hili, kwa sababu nalisema kwa kujali: kuokota taka kusiwe adhabu. Mwanafunzi anayechelewa huambiwa akaokote makaratasi uwanjani, na kwa miaka yote ya shule ya msingi anajifunza kwamba usafi ni kazi ya mkosaji. Tafuteni adhabu nyingine. Usafi uwe zamu ya wote, na mwalimu ashike fagio pamoja na wanafunzi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ambayo ni siku ya usafi kitaifa, mzazi atoke na watoto wake badala ya kuwatuma.

Umri nao uzingatiwe. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anaweza kutenga maganda na kumwagilia mche. Wa miaka sita hadi tisa anaweza kusimamia kiroba kimoja na kijiti cha mboji. Wa miaka 10 na zaidi anaweza kupima, kuandika na kujadiliana bei na mnunuzi, mkubwa akiwa pembeni. Asiwepo mtoto wa kuokota taka barabarani bila glavu, wala anayekosa kipindi kwa sababu ya kiroba cha chupa.

Fedha inayopatikana, hata ikiwa ndogo, iandikwe kwenye daftari linaloshikwa na watoto wenyewe, na matumizi yake yaamuliwe nao: mbegu, mpira, au kalamu kwa wasio nazo. Mkubwa akiichukua fedha hiyo na kununulia sukari, ajue kiroba kitabaki kitupu wiki inayofuata.

Mwisho, pangeni mapema suala la likizo. Shule zinapofungwa Juni, lundo la mboji hukauka, na Desemba miche iliyopandwa karibuni huliwa na mbuzi. Kabla ya kufunga, klabu iandike orodha ya watoto wanaoishi karibu na shule, wawiliwawili kwa kila wiki, pamoja na jina la mzazi mmoja aliyekubali kuwasimamia, na nakala ya orodha hiyo akabidhiwe mlinzi ili awafungulie geti na kuwaonyesha ndoo ilipo.